Kamishna wa Yukon: kutoka mtawala hadi mgeni rasmi

Kamishna wa kwanza wa Yukon alikwama njiani. Meja James Walsh, aliyewahi kuwa ofisa wa polisi wa mipakani, aliteuliwa mwaka 1897 na serikali kuu ya Kanada akasimamie nchi ya kaskazini ambako dhahabu ilikuwa imeonekana Agosti 1896. Baridi ikamkuta safarini, mto ukaganda, naye akalazimika kupiga kambi hadi barafu iyeyuke. Alifika Dawson Mei 1898, akakuta mji umefurika watafuta dhahabu. Miezi michache tu baadaye akaondoka, malalamiko yakimfuata nyuma.

Juni 13 mwaka huohuo sheria ikaitenga Yukon kuwa eneo linalojitegemea, na mpimaji ardhi William Ogilvie akashika ukamishna. Kwa msomaji wa Tanzania, cheo hicho kilifanana na cha mkuu wa mkoa anayeongoza pia baraza la kutunga sheria, na ambaye hakuna awezaye kumng'oa ila aliyemteua. Majimbo ya kusini yalikuwa na magavana wadogo waliomwakilisha mfalme. Kamishna aliiwakilisha Ottawa, yaani serikali kuu, akaipokea amri yake na kuitekeleza. Mwanzoni hata wajumbe wa baraza waliteuliwa. Wawili wa kuchaguliwa waliongezwa mwaka 1900, na mwaka 1908 wakazi wakapata baraza zima la kuchagua wenyewe, lakini mwenye serikali akabaki yuleyule.

Nguvu ya cheo ilipanda na kushuka pamoja na dhahabu. Sensa ya 1901 ilihesabu watu 27,219. Ya 1921 ikakuta 4,157. Katikati ya anguko hilo, mwaka 1918, Ottawa iliona kamishna ni gharama isiyo na faida, ikamfuta, na kazi zake akabebeshwa msimamizi wa migodi. Hakuna aliyeulizwa. Cheo kilirudi mwaka 1948, na miaka 5 baadaye makao makuu yakahama kutoka Dawson kwenda Whitehorse.

Majirani wa Yukon, watu wa Northwest Territories, walikuwa na hali ngumu zaidi: kwa miongo mingi kamishna wao aliishi Ottawa, akitawala nchi ya theluji kwa mafaili. Mambo yakageuka Septemba 1967, Stuart Hodgson, kiongozi wa zamani wa chama cha wafanyakazi, alipopakia serikali yake kwenye ndege na kuhamia Yellowknife. Wakati wa Hodgson, Wainuiti, wenyeji wa asili wa huko, walikuwa bado wanatambuliwa serikalini kwa namba zilizochapwa kwenye visahani vidogo. Abe Okpik, Muinuiti mwenzao, akapewa kazi ya kuzunguka kijiji kwa kijiji, kati ya 1969 na 1971, kuandikisha majina ya ukoo ambayo watu walijichagulia. Kazi hiyo ilifanyika vizuri, ingawa ni aibu kwamba ilihitajika.

Januari 1979 Yukon ilipata kamishna mwanamke wa kwanza, Ione Christensen, aliyekuwa meya wa Whitehorse. Huyu ni mtoto wa kaskazini hasa: babake alikuwa polisi Fort Selkirk, na chachu ya mkate iliyoletwa na wazee wake enzi za dhahabu aliitunza jikoni kwake hadi uzeeni. Oktoba 9 mwaka huo Jake Epp, waziri wa serikali kuu, akamwandikia barua. Kuanzia sasa, ilisema, kamishna afuate ushauri wa mawaziri waliotokana na wabunge waliochaguliwa, na aache kushiriki uendeshaji wa kila siku wa serikali. Katiba haikuguswa, wala kura ya maoni haikupigwa. Karatasi moja ilihamisha madaraka ya miaka 81 na kuyakabidhi kwa Chris Pearson, kiongozi wa wabunge walio wengi. Christensen alijiuzulu mwezi huohuo.

Tangu hapo kamishna amekuwa mgeni rasmi wa kudumu. Husoma hotuba ya kufungua bunge, hutia saini miswada, huapisha mawaziri, hutoa nishani. Dawson humwandalia dansi, wageni wakivaa nguo za enzi za dhahabu. Mtu anaweza kuuliza kama cheo hiki bado kina maana, na swali ni la haki. Jibu bora liko katika orodha ya walioteuliwa.

Mei 1993 Judy Gingell, akiwa mwenyekiti wa Baraza la Wahindi wa Yukon, alitia saini mkataba mkuu wa ardhi kwa niaba ya wenyeji, upande wa pili wa meza wakiwa ni serikali kuu na serikali ya Yukon. Miaka 2 baadaye serikali kuu hiyohiyo ikamteua awe kamishna, mwenyeji wa kwanza kukalia kiti kile cha Walsh na Ogilvie. Mwaka 2023 kiti hicho kilimwangukia Adeline Webber, wa jamii ya Watlingiti wa Teslin.