Historia Fupi ya Neno "Mubashara", Tukitazama Kutoka Mpanda

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi istilahi za kupashana habari za kandanda zilivyobadilika kadiri vyombo vyenyewe vilivyobadilika. Tumechagua kulitazama jambo hili kutoka Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, kwa kuwa aliye mbali na uwanja ndiye anayelitegemea zaidi neno la mtangazaji.

Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa wakati wa utawala wa Mwingereza kwa ajili ya machimbo ya risasi. Gazeti la Dar es Salaam lililosafiri kwa njia hiyo, kupitia Tabora, halikuweza kumfikia msomaji siku lilipochapwa. Tegemeo lilikuwa redio. Hata Taifa Stars iliposhiriki fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza, nchini Nigeria mwaka 1980, Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu 1973, lakini Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Enzi hizo tulisema "matangazo ya moja kwa moja". Mtangazaji aliuona mpira, msikilizaji akaisikia sauti yake wakati ule ule. Neno na kitu vililingana.

Baadaye likaenea neno "mubashara", lenye asili ya Kiarabu na maana ya jambo lisilopitia kitu kingine. Ni neno zuri, nasi hatulipingi. Tatizo ni kwamba katika mitandao ya kijamii limebebeshwa mambo matatu: picha zinazotiririshwa mchezo ukiendelea, maandishi mafupi yanayoandikwa hatua kwa hatua, na hata mchezo wa jana unaorushwa upya.

Tofauti hizi si ndogo. Picha ya intaneti hupokewa vipande vipande na kuhifadhiwa kidogo kabla ya kuonyeshwa, hivyo huchelewa. Jirani mwenye redio hushangilia bao ambalo mwenye simu bado hajaliona. Naye mwenye bando dogo, asiyeweza kumudu picha, hufuata maandishi, nayo yana hatari yake. Tarehe 25 Mei 2025, katika fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho la Afrika kati ya Simba na RS Berkane huko Zanzibar, bao la Simba lilikataliwa baada ya mwamuzi kurejea picha za video. Aliyesoma neno "goli" na kuzima simu ili kuokoa bando alibaki na furaha isiyo na msingi, kwani mchezo uliisha 1-1 na kombe likaenda Morocco.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi zitenganishwe. "Matangazo mubashara" yawe ya sauti au picha zinazotoka uwanjani wakati wa mchezo. "Taarifa za papo kwa papo" ziwe maandishi. Na mchezo uliopita uitwe "marudio" waziwazi. Maneno haya yote wananchi wanayo tayari. Kinachotakiwa ni kila moja litumike mahali pake, ili mtu wa Mpanda ajue anachokipokea kabla hajakigharamia.