Nyuma ya Kinyago

Mjini Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Wamakonde, pana mahali paitwapo Shimo la Mungu. Ardhi hukatika ghafula, na mtu huona mbali chini yake bonde la Ruvuma, na ng'ambo ya mto nchi ya Msumbiji. Asimamaye pale hunyamaza pasipo kuamriwa.

Kunyamaza kwa namna hiyo ndiko kulikotafutwa na baadhi ya watungaji wa michezo ya kompyuta wa zama zetu. Michezo mingi humtaka mchezaji aue, ashindane au ahesabu alama. Yao humtaka atembee, atazame na ajiulize. Maarufu miongoni mwake ni Journey, uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya thatgamecompany ya California. Mchezaji huwa msafiri aliyevaa joho, avukaye jangwa lenye magofu kuuendea mlima wenye nuru kileleni. Njiani huweza kukutana na msafiri mwingine. Hawawezi kusemezana, huitana kwa mlio tu. Yamkini mtu akadhani mwenzake ni kivuli kilichotungwa na mashine. Mwisho wa safari majina huonyeshwa, naye hujua kwamba alifuatana na binadamu aliyekuwa akicheza penginepo duniani.

Msomaji atauliza: jambo hili lina nini na historia ya Newala? Lina mengi, kwa sababu fundisho hilo ni la kale huko. Katika ngoma ya midimu, ambayo Wamakonde wa Msumbiji huiita mapiko, mchezaji hufunika uso kwa kinyago cha mti na mwili kwa nguo. Zamani wanawake na watoto waliambiwa kuwa huyo si mtu, bali ni mzimu. Kijana alipopelekwa jandoni, porini, mbali na mama yake, alikabiliwa na kinyago, kisha akafunuliwa kuwa ndani yake mna mtu. Siri hii imekwisha chapwa katika vitabu vingi, kwa hiyo hatuivunji kwa kuitaja. Lakini tuipime. Mtoto aliingia akiogopa wafu. Alitoka akijua kuwa heshima ya wafu imo mikononi mwa walio hai, naye sasa ni mmoja wao.

Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa havijazimika kabisa, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, Ujerumani, alifika Masasi na Newala. Alikuwa na kamera ya sinema na mashine ya kunasa sauti, akapiga picha za ngoma na kuhifadhi nyimbo. Hapana budi kumshukuru kwa hifadhi hiyo. Walakini kamera yake ilisimama upande wa watazamaji. Iliweza kuchukua mwendo wa ngoma. Haikuweza kuchukua hofu ya kijana, wala kitulizo chake alipouona uso wa mtu amjuaye.

Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza dayosisi ya Kianglikana ya Masasi tangu 1926 hadi 1944, alishika njia nyingine. Hakulipiga marufuku jando. Alilitia sala na mafundisho ya Kikristo, akaibakiza safari yenyewe: kuondoka nyumbani, kukaa kando, na kurudi mtu mpya. Twaweza kubishana juu ya alichokiondoa. Hata hivyo tendo lake lilikiri kuwa maneno ya jando yaweza kubadilika, lakini mwendo wake ndio kiini.

Kwa kipimo hicho, mchezo wa 2012 umeukaribia mlango kuliko kamera ya 1906, maana humfanya mtu atembee mwenyewe, kisha humfunulia mwenzake. Lakini majina yakisha kuonyeshwa, wasafiri huachana. Hakuna mzee wa kumwuliza mchezaji atafanya nini na alichokijua. Kijana wa Newala alirudi kijijini kwa shangwe, akapokewa kwa jina jipya, na tangu siku hiyo alidaiwa adabu na kazi.

Basi mzazi amwonaye mwanawe ameinamia kiwambo asiharakishe kumnyang'anya. Amwulize kwanza amefika wapi, amekutana na nani, na amerudi na nini. Kuuliza hivyo ilikuwa kazi ya wazee wa jando, na mashine haijaiweza.