Kinanda Hakijafa

Mwezi uliopita nilikaa kwa fundi mmoja pale Makoroboi, Mwanza, nikamwona akiletewa kinanda cha kwaya, Casio ya zamani, iliyokwisha kutangazwa kuwa imekufa. Wazee wa kanisa walikuwa wameshapitisha mchango wa kununua kingine. Fundi hakukigusa. Aliomba kwanza aione adapta.

Vinanda hivi si vya kale sana. Casio walitoa Casiotone yao ya kwanza mwaka 1980, wakati ambapo kwetu fedha za kigeni zilikuwa adimu na ala za bendi nyingi zilikuwa mali ya jumuiya na mashirika, kama zile za NUTA Jazz tangu 1964. Mlango ulifunguka kidogo mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa bila kuulizwa wamezipata wapi. Ndipo vinanda vikaanza kuingia mikononi mwa wasafiri, vingine bila adapta, vingine na adapta ya Japani inayotaka volti 100. Ichomeke kwenye 230 zetu uone moshi!

Kisha ukaja mgawo wa umeme wa 1992 na ule wa 1994, maji yalipopungua Mtera. Giza lenyewe haliunguzi kitu. Kinachounguza ni umeme unaporudi kwa kishindo, na anayepokea kishindo hicho wa kwanza ni transfoma ndani ya adapta.

Sasa ipo hila ambayo wengi hawaijui. Casio hizo za zamani hutaka volti 9, hasi ikiwa katikati ya pini. Vinanda vidogo vya Yamaha hutaka volti 12, na katikati ni chanya. Pini kwa macho ni zile zile! Kwaya yetu ilikuwa imenunua adapta "ya vinanda vyote", nayo ilipeleka umeme kinyume. Kinanda kikanyamaza, watu wakavaa nyuso za msiba.

Fundi alipima ile adapta ya asili: sifuri. Akachukua transfoma ya volti 12 kutoka redio mbovu, dioda nne, kapasita mpya ya volti 25, na kile kidude cha miguu mitatu kiitwacho 7809, kinachoshusha umeme na kuutuliza kwenye volti 9. Kwa kuwa hupata moto, akakifunga kwenye kipande cha sufuria ya alumini. Mtaa uliopewa jina kwa taa za makopo haukosi bati. Kabla ya kuchomeka alipima pini mara mbili, hasi katikati.

Taa nyekundu ikawaka. Dioda ya mlangoni ilikuwa imekikinga kinanda.

Mchango wa wazee umesimamishwa. Noti moja ya chini bado haiitiki; fundi anasema ni vumbi, wakirudishe Jumatatu.