Mnyororo wa Kitabu, Kitundu cha Laptopu

Kwa miaka mitatu nilidhani kile kitundu cha ubavuni mwa laptopu yangu ni cha kupitishia hewa. Kazi yake nilikuja kuijua baada ya kuibiwa. Nilikuwa chumba cha kusomea cha maktaba moja hapa Dar es Salaam, nikaenda msalani, nikarudi, nikakuta chaja inaning'inia ukutani peke yake. Dakika tano hazikufika. Ndani ya mashine ile zilikuwamo hadithi 11 alizonisimulia bibi yangu, nimeziandika neno kwa neno, na bibi tulishamzika.

"Kaka, kile kitundu ni cha kufuli, hukujua?" fundi aliniuliza. Sikujua. Kina milimita 7 kwa 3 hivi, na kampuni ya Kensington ya Marekani ndiyo iliyokieneza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Unazungusha waya mnene wa chuma kwenye mguu wa meza, unaingiza kichwa cha kufuli kitunduni, unafunga, kinanasa kwa ndani. Mwenye mkasi wa kukatia chuma humzuii. Lakini akivuta kwa nguvu, ganda linapasuka, na laptopu iliyopasuka haipati bei. Basi, ni kinga dhidi ya mpita njia.

Sisi wapenda vitabu tulipaswa kulitambua wazo hili mapema. Katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, ipo hadi leo maktaba ya vitabu vilivyofungwa minyororo, kwenye kabati za mwaloni zilizoanza kutengenezwa 1611. Picha zake nimezitazama mpaka nikaelewa ufundi wake. Mnyororo umekazwa kwenye ukingo wa jalada la mbele, si mgongoni. Ndiyo maana vitabu vimepangwa kinyume na tulivyozoea: mgongo ndani, kurasa zikimtazama msomaji. Unakishusha kitabu mpaka kwenye meza iliyo chini ya rafu, bila kukigeuza, na mnyororo haujisokoti. Ncha ya pili ina pete inayoteleza kwenye fimbo ya chuma, na fimbo inafungwa kwa ufunguo.

Wengi wakiona picha hizo husema, jamani, walivifunga vitabu kama wafungwa! Mimi naona kinyume chake. Kitabu kilichofungwa kwelikweli ni kile kilichokaa ndani ya sanduku la mkubwa fulani. Mnyororo ulikuja pale mtu wa nje aliporuhusiwa kugusa. Huko Grantham, mwaka 1598, kasisi Francis Trigge alianzisha maktaba juu ya mlango wa kanisa kwa ajili ya makasisi na wakazi wa mji. Vitabu vikatiwa minyororo, maana anayeingia hajulikani. Bodleian ya Oxford, iliyofunguliwa 1602, nayo ilikuwa hivyo, na haikuazimisha kwa yeyote. Mfalme Charles wa Kwanza aliomba kitabu mwaka 1645, akakataliwa. (Msimamizi gani wa maktaba leo angethubutu?) Minyororo yake ilianza kuondolewa 1757. Uchapaji ulishaleta nakala nyingi, na mnyororo wenyewe una gharama.

Hapo ndipo ninapojiona mjinga. Vitabu vya Hereford vilivyoandikwa kwa mkono, kila kimoja ni cha pekee, kwa hiyo vikalindwa. Mimi, mtu wa zama za intaneti, nilikuwa na nakala moja tu ya bibi yangu, nikaiacha mezani bila hata kamba.

Nimejaribu kuziandika upya. Nne zimerudi, ingawa binamu yangu anasema ile ya kisima nimeiharibu mwishoni. Laptopu niliyo nayo sasa ni nyembamba, haina kitundu. Naibeba hadi msalani. Hadithi zenyewe nimezinakili kwenye flashi mbili. Moja natembea nayo. Ya pili iko Korogwe kwa shangazi, ndani ya sanduku lake la kanga, na ufunguo ameufunga kwenye pindo.