Ukingo wa Paa na Paa la Tembe: Amri ya Usalama na Baraka Yake Ikisomwa Ugogo

Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwamuru mjenzi wa nyumba mpya azungushie paa lake ukingo, ili asije mtu akaanguka na nyumba ikabeba hatia ya damu. Penye mapaa ya msonge amri hiyo husomwa kama desturi ya ugenini. Ugogo ni tofauti. Tembe, yenye paa bapa la miti na udongo, ilielezwa na Richard Burton aliyepita huko mwaka 1858. Wamisionari wa CMS walipofika Mpwapwa mwaka 1876, waliikuta ndiyo makazi ya kawaida. Hivyo swali la wanasheria wa Kiyahudi lina mahali pa kupimwa: je, kujikinga na hatari ni ibada au ni tahadhari tu?

Katika karne ya 12 Maimonides alijibu kwamba ni ibada: anayejenga ukingo, wenye kimo cha viganja 10, hutamka baraka kwanza. Ghala na zizi havihusiki, kwa kuwa si makazi. Hata hivyo aliupanua wajibu hadi kwenye visima na kila kitu kinachohatarisha uhai. Hapo ndipo penye utata, kwani wanazuoni wa baadaye walitofautiana iwapo baraka nayo inapanuka pamoja na wajibu.

Tembe inaudhihirisha utata huo. Mabawa yake huzunguka zizi, hivyo mpaka kati ya makazi na banda ni mwembamba. Paa lake ni la chini. Hatari kubwa zaidi ni udongo uliolowa mvua kuwaelemea waliomo ndani. Anayeshika neno la amri atajenga ukingo. Anayeshika sababu yake atakagua nguzo, pengine bila baraka yoyote.

Wagogo nao hawakuutenga usalama na utakatifu. Peter Rigby, aliyefanya utafiti huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza dhana ya mbeho, hali njema ya nchi iliyotunzwa kwa matambiko chini ya mtemi. Tofauti ni ya mwenye dhamana: huku ni nchi nzima, kule ni mwenye nyumba.

Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilileta mwenye dhamana wa tatu, yaani dola. Watu walihamishiwa vijijini na tembe nyingi zikaachwa. Baraka humfanya mjenzi atamke kwamba wajibu ni wake. Amri ya kuhama haikudai tamko hilo. Kwa hiyo historia ya makazi ya Ugogo haitoshi kuhesabu mabati na matofali. Inapasa pia kuuliza ni nani aliyewajibika kwa uhai wa waliolala chini ya paa.