Picha ya Nyangwe na soko lisiloonekana ndani yake

Leo turudi kidogo Nyangwe, kando ya Lualaba.

Wengi wetu tumeiona ile picha nyeusi na nyeupe: watu wenye bunduki, wanawake wa Maniema wanakimbilia mtoni. Ilitoka London mwaka 1874 katika kitabu cha shajara za mwisho za David Livingstone, aliyekuwa amekufa mwaka uliotangulia. Nani aliichora? Si yeye. Ni mafundi wa Uingereza, wachoraji na wachongaji wa ubao wa kuchapia, ambao Lualaba waliijua kwa kusoma tu. Pale maandishi yalipoishia, wakajaza kwa fikira zao.

Mauaji yenyewe yalitokea kweli, tusidanganyane. Tarehe 15 Julai 1871 watu kama 1,500 walikuwa sokoni, wengi wao wanawake. Watu wa wafanyabiashara waliotoka pwani wakaanza kupiga risasi. Wengi walikufa maji wakigombania mitumbwi. Livingstone aliandika hesabu aliyoambiwa, kati ya 330 na 400. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa matunda.

Lakini hebu soma kurasa za kabla ya siku hiyo. Analisifu lile soko: wanawake wanavuka mto na mizigo mizito, wanabishana bei, wanacheka. Watu wa ng'ambo zote mbili walikutana pale kwa siku zinazojulikana. Kwenye picha yote hayo hayapo, mama wa sokoni amebaki mtu wa kukimbia tu.

Na mwenye bunduki? Huko Ulaya aliitwa "Mwarabu", basi. Edward Said alieleza mwaka 1978 jinsi Ulaya ilivyojitengenezea mtu wa Mashariki, mkatili asiyebadilika. Huyo ndiye aliyepandikizwa huku kwetu. Kumbe wengi wa "Waarabu" hao walikuwa Waungwana, watu weusi wa pwani, na hata vijana wa Maniema waliojiunga nao. Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, lugha hii hii ninayowaandikia. Siwatetei. Watumwa walikamatwa kweli, na wazee wetu walilia.

Ila Leopold II alimhitaji sana huyo Mwarabu wa kwenye picha. Machi 1893 askari wa Dhanis waliingia Nyangwe, Aprili wakaingia Kasongo, na Ulaya ikaambiwa ni vita vya kukomesha utumwa. Wengi wa wapiganaji wao walikuwa watu wa Gongo Lutete, ambaye hadi mwaka 1892 alikuwa upande wa hao hao "Waarabu". Septemba 1893 maofisa wa Dola wakampiga risasi.

Kwa hiyo ukiituma tena ile picha, andika chini yake mwaka 1874 na neno London. Na kama nyumbani kuna bibi anayekumbuka siku za soko za zamani ziliitwaje, muulize mapema.