Kanuni ya REACH na bidhaa za plastiki

REACH ni kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu usalama wa kemikali. Jina lake ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya usajili, tathmini, idhini na udhibiti wa kemikali. Ilianza kutumika tarehe 1 Juni 2007. Inasimamiwa na Shirika la Kemikali la Ulaya lenye makao makuu Helsinki, Ufini.

Kanuni hii inahusu pia bidhaa za kawaida za plastiki, kama vile kandambili, mikoba na mapazia ya bafuni, hata zikitengenezwa nje ya Ulaya.

Kemikali zinazodhibitiwa

Plastiki ya PVC kwa asili ni ngumu. Hulainishwa kwa kuongezewa kemikali, mara nyingi za kundi la fithalati. Baadhi ya fithalati hudhuru uwezo wa kuzaa. Kwa sababu hiyo DEHP, DBP, BBP na DIBP, kila moja au kwa jumla, hazitakiwi kufikia asilimia 0.1 ya uzito wa plastiki iliyolainishwa. Marufuku ya awali ilihusu vitu vya watoto. Tangu tarehe 7 Julai 2020 inahusu bidhaa nyingine nyingi.

Kuna pia orodha ya kemikali zinazotia wasiwasi mkubwa. Kuwemo katika orodha hiyo si marufuku. Lakini kiasi kikizidi asilimia 0.1, muuzaji lazima amjulishe mnunuzi wa biashara. Mlaji akiuliza, hujibiwa bure ndani ya siku 45.

Namna ya kukokotoa

Mwaka 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba asilimia hiyo hupimwa kwa kila kijenzi kilicho bidhaa kamili chenyewe. Kwa mfano, mkoba wa gramu 500 una kishikio cha gramu 20 chenye gramu 0.4 za kemikali iliyoorodheshwa. Kwa mkoba mzima ni asilimia 0.08, lakini kwa kishikio ni asilimia 2, hivyo kikomo kimezidi.

Wajibu

Kisheria anayewajibika ni mwagizaji aliyeko Ulaya. Hata hivyo, yeye humtegemea mtengenezaji kwa ushahidi, hasa majibu ya maabara. Kiwanda kikibadilisha malighafi, kwa mfano kwa kutumia plastiki iliyorejelezwa, majibu ya zamani hayathibitishi tena usalama wa bidhaa mpya.

Bidhaa inayokiuka kanuni inaweza kuzuiwa forodhani au kuondolewa sokoni, na ikionekana kuwa hatari hutangazwa kupitia mfumo wa tahadhari wa Safety Gate.